Sweta Chini ya Pazia

...kwa sababu ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa Februari 1995, saa tisa na dakika kumi za mchana, na hakuna wa kumwambia Kuruthum vingine, wapo wanaosema saa tisa na nusu, shemeji yake Abdikarim husema saa kumi kasorobo, lakini Abdikarim alikuwa bado hajafika, aliyekuwepo ni yeye, mke wa marehemu, na saa ya ukutani ya wodi ile ya Homa Bay ilikuwa mbele ya macho yake, mshale mrefu juu ya mbili, na nje ya dirisha ziwa limetulia kama sinia, na muuguzi akavuta shuka mpaka juu ya uso wa Mahmud akasema pole mama, kwa hiyo hesabu yake haiwezi kukosea, leo ni Jumatano, siku ya mia moja na kumi na moja ya eda, zimebaki kumi na saba, kumi na saba tu halafu ataoga, atavaa nguo ya rangi, atatoka katika mlango huu akanyage vumbi la Suna kama watu wengine... "Mama, unanisikia huko ndani?" anauliza yule mtu barazani, na Kuruthum anajibu "Nakusikia," kwa sauti ya chini, si kwamba anajificha, ndiyo sauti iliyobaki, na mtu yule anasema "Sawa mama, chukua tu wakati wako, mimi sina haraka, ni bei ndiyo iko na haraka," na Abdikarim anacheka, Abdikarim hucheka upesi, marehemu kaka yake alikuwa akimwambia kwamba siku moja atacheka kabla mtu hajamaliza kumtangazia msiba.

Yule mtu jina lake Maxwell, ndivyo alivyojitaja, wakala wa mashine za kufuma sweta, amekalia kiti cha mbao alichokuwa akikalia Mahmud jioni, na kati yake na Kuruthum kuna pazia la kijani lililoshuka mpaka karibu na sakafu, limebakisha nafasi ya viganja viwili, na katika nafasi hiyo anaziona ncha za viatu vya Maxwell, vyeusi, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, ncha tu, visigino haonyeshwi... maisha yake yote tangu Februari yamepita hapo chini, sukari, mafuta ya taa, daftari za mtoto wake Aliya, barua za rambirambi, na zile nyanya ambazo mwenye kuziuza huweka nzuri juu na zilizobonyea chini, kwa sababu anajua mjane aliye edani hatatoka kumfuata barabarani, na sasa hapo chini imepita sweta, imetoka katika mfuko mpya wa plastiki uliokuwa ukilia chakachaka, sweta ya shule ya rangi ya damu ya mzee, imepigwa pasi, imekunjwa mikono nyuma kama mtu anayesubiri kuulizwa, nayo iko juu ya mapaja yake, na pesa ziko katika pindo la leso yake, fundo dogo gumu, na mkono wake uko juu ya fundo, haulifungui wala hauliachi. "Hiyo sweta mama ni hiyo mashine imefuma, dakika arobaini na tano, mkono mmoja unasukuma hivi, mwingine unavuta hivi, hata mtoto wa darasa la nne anaweza," anasema Maxwell, na kiti kinalia, bila shaka anaonyesha kwa mikono, anamwonyesha Abdikarim, yeye ataonyeshwa picha, kile kitabu cha picha alishakiona, kilipita hapo chini mwanzo, karatasi laini, mwanamke wa Kizungu anatabasamu mbele ya mashine ndefu yenye sindano nyingi kama meno ya samaki, na aliitazama ile picha mpaka akaisikia mashine ikienda, krr, krr, akawaona watoto wa Suna wakipita asubuhi ya baridi, wote kifuani wamevaa kazi yake.

Hilo ndilo alilokuwa akiliomba kila baada ya sala, riziki ya halali ndani ya nyumba hii, maana duka la vipuri vya baiskeli ni la warithi, Abdikarim ana haki yake na ndugu zao wa Isiolo wana haki yao, wala hakatai, sheria ni ya Mungu, na fungu lake yeye na bangili zake nne, zile alizovishwa Kendu Bay siku ya harusi, na rambirambi za watu wa msikitini, vyote vimo katika fundo hili, elfu kumi na nane, sawasawa na bei ya leo ya mashine, zikitoka hizi hakuna nyingine... akipata mashine mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani ameshasema atachukua sweta arobaini kabla baridi ya Julai haijaisha, atalipa kodi, atabaki Suna na Aliya, na asipopata, au pesa ziende na mashine isije, basi ni kurudi Kendu Bay nyumbani kwa kaka yake, kulala chumba cha wageni naye si mgeni, na kumsikia wifi yake akihesabu vijiko vya sukari kwa macho... "Na kuna mama moja huko Rangwe," anasema Maxwell, "yeye pia ni mjane, ameniambia Maxwell niwekee hiyo moja imebaki, mimi nikasema hapana, wacha kwanza nifike Suna kwa bibi ya Geuza, watu wa soko wameniambia huyo mzee alikuwa mtu wa ukweli," na Abdikarim anasema "Ukweli kabisa," na sauti yake imeshuka kidogo, na Kuruthum anajua kwamba sasa anatazama chini, na kwamba hapo yule mtu amempata.

Geuza, ndivyo soko zima lilivyomwita, Mahmud Geuza, hata hawakujua jina la baba yake, kwa sababu hakununua kitu wala kuuza kitu kabla hajakigeuza, ukimletea betri za tochi anazipima viganjani, moja huku moja kule, halafu anasugua maandishi kwa kidole gumba kilicholowa mate aone kama wino utatoka, ukimletea tairi anaingiza mkono ndani kabla ya kulitazama nje, na mteja akija kununua anamwambia geuza, mteja anasema lakini mzee mimi nakuamini, anasema usiniamini, mimi ninauza, wewe geuza... na Phelesia, jirani yao, muuza samaki, Mkristo aliyewazoea kama ndugu, alikuwa akisema mbele yake bila aibu, "Mahmud, siku ukienda mbinguni utageuza hata mlango uone kama ni wa mbao au wa mabati," na Mahmud anacheka mpaka anajifuta macho, na Aliya alipozaliwa, Kuruthum hatasahau, mkunga alimpa mtoto akampokea, akasoma adhana sikioni, halafu taratibu akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake akautazama mgongo, mkunga akauliza unatafuta nini, akasema ninatafuta wametengenezea wapi, wakacheka wote watatu, na yeye akacheka huku anaumia... "Shemeji," Abdikarim amesogea karibu na pazia, anaongea chini, "risiti nimeiona, iko na muhuri," na Kuruthum anasema "Muhuri wa nani?" na Abdikarim anasema "Wa kampuni, shemeji, duara kabisa, na nambari ya posta," na Kuruthum anakumbuka kandambili... ilikuwa mwaka juzi, mvua ilikuwa inanyesha na dukani hakuna mtu, Abdikarim alikuwa amepokea vipuri visivyofaa kwa sababu karatasi zilikuwa na muhuri, na Mahmud hakumfokea, alichukua kandambili yake kuukuu, akachonga kisigino kwa wembe nusu saa nzima, akakichovya katika wino akapiga juu ya karatasi ya sukari, na hapo pakatokea duara safi lenye maneno OFISI YA KANDAMBILI, SUNA, na Abdikarim alicheka wiki nzima, karatasi ile aliibandika ukutani, je, bado iko, ameibandua? mtu anawezaje kucheka jambo wiki nzima na asilikumbuke siku yake...

Lakini yeye mwenyewe je, amekaa na sweta juu ya mapaja tangu chai ilipomiminwa, na sasa chai ya barazani itakuwa imepoa, hajaigeuza, anaipapasa juu tu kama anayepapasa mtoto wa watu, kwa nini, mikono imesahau, au inaogopa, kwa sababu mtu akiligeuza jambo inabidi alione, na katika hizi siku mia na kumi na moja kuna jambo moja hajaligeuza... "Mama, mimi sitaki kukusukuma," anasema Maxwell, "lakini kesho ni sikukuu ya Madaraka, ofisi ya Kisumu inafungwa leo saa kumi, Ijumaa nikirudi bei imepanda elfu thelathini na tano, si mimi nimepanga, ni wakubwa," na Abdikarim anasema "Sasa si uilete tu hiyo mashine tuione?" na Maxwell anacheka kwa upole, "Ndugu yangu, kitu kama hiyo inabebwa na gari, gari inataka mafuta, mafuta inataka pesa, unanipata? Kwanza mama analipa, mimi napiga simu, Jumamosi mashine iko hapa mlangoni, mimi ni mtu wa kanisa, mama yangu mwenyewe ni mjane, siwezi kula pesa ya mjane nilale," na maneno yake yanakuja laini, moja nyuma ya jingine, hayakwami popote, na Phelesia yuko nyuma jikoni akichochea uji wa Aliya, atakuwa anasikiliza, Phelesia alisema asubuhi alipousikia mlango ukibishwa, "Nyaminwa, sauti hiyo ni ya mtu anaomba kura," halafu akaingia jikoni, na mtu akikuita nyaminwa, yaani dada yetu kwa Kijaluo, hakuongopei... na kuna harufu, Kuruthum anaisikia tangu sweta ilipoingia, harufu ya sabuni ya manukato, ya waridi la dukani, kali, inampanda mpaka nyuma ya macho, zamani asingeisikia, zamani nyumba hii ilikuwa inanuka udi kila Alhamisi na nguo zake zote zina marashi, lakini edani hakuna marashi, hakuna udi, hakuna hina, hata sabuni anatumia ya kipande, ile ya kufulia, siku mia na kumi na moja, na pua yake imekuwa kama ya mtoto mchanga, anamjua Aliya akiwa bado yuko kona ya barabara kwa harufu ya chaki, anajua mvua ikiwa bado iko upande wa Tanzania... chaki, hapana, asilifikirie hilo sasa.

Ilikuwa Ramadhani, siku ya sita, Jumatatu, Mahmud ana homa tangu Jumamosi, alikuwa mtu wa Isiolo, nchi kavu, miaka kumi na mbili karibu na ziwa na mbu wa huku hawakumzoea, na alikataa kufungua, anasema homa hii ndogo, nitaimaliza nikiwa nimefunga, na saa kumi na mbili kasoro Kuruthum alikuwa mlangoni anangoja wakati wa futari, na duka la dawa liko mbali, na foleni, na kwa bei ya pale unapata tembe chache, na mtu akapita na sanduku la mbao begani, dawa, dawa, ya malaria, ya tumbo, ya meno, akamsimamisha, yeye ndiye aliyemsimamisha, mtu yule hakuwa na habari naye, akampimia tembe kumi nyeupe katika karatasi ya kaki kwa nusu ya bei, akasema mama hizi zimetoka Nairobi kwa duka kubwa, ni sawa na zile za hospitali, na yeye akaingia ndani amefurahi, amejisifu, Mungu amsamehe, alisema Mahmud unaona, leo na mimi nimefanya biashara... na Mahmud alikuwa amelala ubavu, macho mekundu, adhana ikalia, akala tende moja, akaweka tembe mbili ulimini akakaa kidogo, halafu akasema, hivi hivi, bila kulaumu, "Kuru, hizi hazina uchungu," na kila mtu kutoka hapa mpaka Homa Bay anajua klorokwini ina uchungu wa kukunja uso, hata watoto wanaijua, wanakimbia wakiona chupa, na yeye Kuruthum alimjibu nini, alimjibu "Alhamdulillahi, siku hizi wameziboresha," na Mahmud akamtazama, akatabasamu, akameza... yeye ambaye hakununua hata pingili moja ya mnyororo bila kuigeuza, alimeza, kwa sababu mkono uliompa ulikuwa wa mkewe.

Jumanne alimeza tatu, Jumatano alimeza tatu, Alhamisi asubuhi alikuwa anaongea na mama yake aliyekufa zamani Isiolo, wakampakia katika pikapu ya rafiki yake aliyekuwa anaenda Homa Bay, na walipofika Rodi, njiani, hakumjua tena Kuruthum, alimwita mama, na kule daktari alijitahidi, aliuliza amekunywa dawa gani, Kuruthum akasema ya malaria, daktari akauliza lini, akasema tangu Jumatatu, daktari akakunja uso akaandika, hakuuliza ilinunuliwa wapi, na yeye hakusema... na hajasema, si kwa Abdikarim, si kwa Phelesia, si kwa mwalimu wa msikiti aliyekuja kumweleza kwamba siku ya kila mtu imeandikwa, na hilo ni kweli, analiamini kama anavyoamini jua, lakini zilibaki tembe mbili, zimo katika kijisanduku cha wanja wake asioupaka, na siku ya arobaini, wanawake walipomaliza kusoma na kuondoka, alichukua moja akaiweka ulimini, akangoja uchungu, akaungoja kama mtu anavyongoja gari, na haukuja, ikayeyuka tu, chaki, chaki ya shule, na akakaa kitini mpaka Aliya alipomwuliza mama unakula nini, akasema hakuna kitu.

"Mama?" anasema Maxwell, na Abdikarim anamjibu "Mwache, shemeji yangu ni mtu wa polepole," na Maxwell anasema "Hapana shida, mimi nitaandika risiti kabisa, tusipoteze wakati, jina naandika nani?" na kalamu inalia tik, na Kuruthum anaangalia mikono yake, na mkono wa kushoto umeliachia fundo, hakuuamuru, umeenda juu ya sweta, na ule wa kulia umekwenda nao, na sasa inageuka, kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono mmoja mmoja, taratibu, kama anavyomvua Aliya nguo za shule, na upande wa ndani unatoka nje, na sabuni ya waridi inaisha hapohapo, kumbe iliishia juu, na chini yake, katika mishono, inakuja harufu nyingine, ya kale, ya dawa ya nondo na giza na safari ndefu, harufu ya robota la mitumba linapokatwa kamba soko la Migori siku ya mnada, kila mwanamke wa hapa anaijua, unafua mara tatu unaanika juani na bado imo katika mishono, na yeye anainamisha uso mpaka pua iguse, ndiyo, yenyewe, na nyuma ya shingo kidole chake kinapata vijiti vidogo vya uzi, vinne huku vinne kule, vigumu kidogo kama ndevu za siku mbili, mahali palipokuwa na kitambulisho cha kiwanda kikakatwa kwa mkasi, na chini ya kwapa la kushoto pamerudiwa kwa uzi mwekundu ambao si mwekundu ule, mama wa mtu fulani, mbali sana huko, alikaa akamshonea mwanawe, na mwanawe akakua... sweta hii imevaliwa, imekua na mtoto, imevuka bahari, haikufumwa na mashine yoyote iliyoko Kisumu, na huenda Kisumu hakuna mashine, hakuna ofisi inayofungwa saa kumi, kuna kitabu cha picha, na kandambili, na viatu vilivyopigwa rangi mbele.

Anashangaa kwamba moyo haupigi kwa nguvu, alidhani ungepiga, umetulia tu kama ziwa lile siku ile, na anawaza kwamba huyu mtu amekosea jambo moja, alimchagua mwanamke aliye nyuma ya pazia kwa sababu haoni, hatoki, hana wa kumtuma ila shemeji anayecheka upesi, hakujua kwamba mwanamke wa namna hiyo hajanusa marashi kwa miezi mitatu na nusu, na hakuna wa kumharakisha, anaambiwa leo saa kumi, anaambiwa Ijumaa, yeye siku zake amepangiwa na Mungu, zimebaki kumi na saba, hazipungui kwa sababu ya Madaraka, mashine ikiwepo itakuwepo hata siku ya kumi na nane, atakwenda mwenyewe Kisumu na Phelesia, wataigeuza chini juu, Phelesia atafuma mkono mmoja wa sweta mbele ya macho yake, na hapo ndipo fundo litafunguliwa, na isipokuwepo zitakuwepo sindano mbili za mkono na uzi, sweta kumi badala ya arobaini, ni polepole lakini yeye ni mtu wa polepole, ameshatajwa hivyo hapo nje... na yule mama wa Rangwe, je, yupo, au naye ni wa picha, akiwepo basi kesho kutwa viatu hivi vitakuwa mlangoni kwake, na bangili zake, na atatoa, na mashine haitakuja, na yeye naye atanyamaza, kwa aibu, kama nilivyonyamaza, linakuja hilo neno lenyewe bila kuitwa, nilivyonyamaza, na analiacha lije.

Kwa sababu yule mwenye sanduku bado anapita. Alimsikia, na hili ndilo ambalo hajaligeuza, alimsikia mwezi wa tatu, na wa nne, na wiki iliyopita, dawa, dawa, ya malaria, ya tumbo, anapita barabarani hapa nje ya pazia, na mara zote alikibana kijisanduku cha wanja akasema moyoni siku ya Mahmud ilikuwa imeandikwa, na ilikuwa imeandikwa, lakini kuandikwa kwa siku ya Mahmud hakumfanyi mtu yule kuwa mkweli, wala hakufanyi kunyamaza kwake kuwa subira, kunyamaza huko alikuwa akikuita subira, na wanawake walikuwa wakimsifu, mashallah Kuruthum ana subira, kumbe alikuwa anaona haya tu, anaona haya kwamba mke wa Geuza hakugeuza, na katika haya hiyo mwenye sanduku amekuwa akitembea siku mia na kumi na moja, akimpimia mwanamke mwingine mlangoni, kabla ya futari au kabla ya ugali, tembe kumi katika karatasi ya kaki... leo hii, mtu huyu akishaondoka, atamwita Abdikarim akae palepale nje ya pazia, atampitishia chini ile tembe moja iliyobaki, atamwambia iweke ulimini, atamwambia mimi ndiye niliyeinunua, na Abdikarim hatacheka, na ajue la kufanya, aende kwa bwana afya, aende kwa chifu, aende na Phelesia ambaye akipaza sauti soko lote linasimama, na akilia alie, na akimlaumu amlaumu, ana haki, alikuwa ndugu yake.

"Nimeandika Mama Aliya, ni sawa?" anasema Maxwell, na Abdikarim anasema "Andika Kuruthum, na K," na kijiko kinagonga kikombe, na jikoni Phelesia anauliza kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, "Nyaminwa, huyo mgeni bado yuko? Nimwekee uji pia ama atakunywa kwa yule mama wa Rangwe?" na Kuruthum anahisi mdomo wake unajikunja upande mmoja, tabasamu, la kwanza, halina marashi wala rangi, hakuna anayeliona, na pazia liko vilevile, halijatikisika, ncha za viatu ziko vilevile, pesa ziko kwenye pindo, sweta iko juu ya mapaja ila imegeuzwa, mishono nje, uzi mwekundu unaonekana, na maneno atakayoyasema ameshayapanga, machache, lete mashine hapa barazani tuigeuze kwanza, huna, basi chukua sweta yako, na akiiona imerudi chini ya pazia upande wa ndani ukiwa nje ataelewa mwenyewe na viatu vitaondoka, na hapo ataviona visigino vyake... atasema, ila si sasa hivi, kuna jingine la kusema kwanza, na halimhusu aliye barazani. Kaburi la Mahmud hajaliona, walimzika kulekule Homa Bay kabla ya magharibi, wanaume peke yao, na alichonacho ni maneno ya Abdikarim tu, kwamba mahali ni pazuri, pana upepo wa ziwa, na kwamba walimshusha taratibu wakamgeuza juu ya ubavu wa kulia, uso kibla, na maneno hayo ameyaamini bila kuyaona, hayo peke yake, na anafumba macho, na mikono anaifungua juu ya sweta ya mtoto wa watu... Ee Mola, Mahmud mja wako, mwana wa Isiolo aliyelala karibu na ziwa, msamehe, mrehemu, lipanulie kaburi lake mpaka macho yake yanapofika, litie nuru, lipulizie upepo mzuri, alipimia watu haki basi umpimie zaidi ya haki, na zile tembe alizozimeza kwa kuniamini zihesabu kwake kuwa ni mapenzi, na kwangu uzihesabu unavyojua Wewe, na siku utakapotukutanisha nisione haya mbele yake. Amin.